Hajati Aliyeacha Petroli

Msasani yetu ya Tukuyu yote ilimwita Hajati. Jina lake la kuandikishwa nililisikia mara moja tu, siku ya msiba wake, shehe alipolitaja kwenye spika, na sisi majirani tuliokaa kwenye mikeka tukaangaliana kama watu waliokosea nyumba. Kwa hiyo hata hapa atabaki Hajati. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuwahi kujua vizuri, maana hakuwa mtu wa kuulizwa mambo hayo. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona kutoka mlangoni kwangu kwa miaka mingi, na machache aliyoniambia mwenyewe tukiwa njiani.

Mimi, Mama Neema, ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kinatazamana na mahali palipokuwa na kituo chake cha mafuta, sheli ndogo ya pampu moja iliyohudumia bodaboda, bajaji na magari ya ndizi yanayopanda kwenda Mbeya. Sare za shule nilizoshona wakati ule zilitoka kwangu zikinuka petroli. Wazazi walilalamika, nami nikavuka barabara kwenda kumweleza. Hajati alizichukua zile nguo, akazinusa moja moja kwa utulivu, akasema hii ni petroli nzuri, haijachanganywa na kitu. Ndiyo majibu niliyoondoka nayo. Kesho yake akamtuma dereva aniletee turubai zito la kutundika mlangoni pamoja na misumari yake, bila salamu wala maelezo.

Alikuwa hivyo. Kuomba radhi kwa mdomo kulimshinda kabisa, lakini mikono yake iliomba radhi kila siku. Akija kwangu kupunguziwa gauni alibishana bei mpaka nikachoka nikamwachia, na jioni ningekuta mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani, mkubwa kuliko kile alichonipunja. Krismasi alituletea wali wa nazi, sufuria nzima. Kwaya yetu ikiwa na msiba wa mbali, gari lake ndilo lililotubeba, na yeye mwenyewe alisimama pembeni akitukemea tupande upesi, tusikanyage viti, tusimcheleweshe dereva. Waliomjua juujuu walimwona mkali. Waliomjua zaidi walimwona mkali vilevile, ila hawakumkimbia.

Pua yake ilijulikana kuliko pampu yake. Lori la mafuta likifika, alinusa kabla ya kupokea, na kama kulikuwa na mafuta ya taa ndani ya petroli, hata kidogo, dereva wa lori aligeuza gari akarudi nayo. Na alikuwa akiipenda harufu ile. Alisema inamzindua asubuhi kama wengine wanavyozinduliwa na chai ya tangawizi. Hata miaka mingi baadaye, alipokuwa amekwisha kuacha biashara hiyo na kuisema vibaya mbele ya watu, tukipita karibu na kituo cha mafuta alishusha kioo cha gari. Nilimwona. Aliona kwamba nimemwona, akakipandisha.

Jambo lililomwachisha petroli lilitokea kiangazi kimoja. Chini ya nyumba zetu, kwenye bonde dogo la migomba, kuna chemchemi. Maji ya bomba yakikatika wote tunateremka huko na ndoo. Siku hiyo jirani aliyetangulia alirudi akiwa amemwaga maji yake njiani, akatuambia yananuka. Tukaenda kutazama. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa rangirangi, na harufu haikuhitaji mtu wa kuitafsiri.

Lawama zilikwenda kwa fundi wa gereji, mtu wa Mpuguso aliyekuwa amepanga uwanja juu kidogo ya sisi na aliyezoea kumwaga oili chafu mtaroni. Watu wakaanza kukusanyika kwenda kumtoa. Nilikuwa miongoni mwao, na ndoo yangu tupu mkononi. Hapo ndipo Hajati aliposhuka mteremko na kandambili zake, gauni amelishika kwa mkono mmoja. Hakuna aliyemwita. Alichota maji kwa kiganja, akanusa, akayatia ulimini, akatema.

"Hii si oili ya gereji," alisema. "Ni petroli. Ni yangu."

Tangi lake lilikuwa ardhini, hakuna aliyewahi kuliona, na mle bondeni hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Angenyamaza, yule fundi angefukuzwa siku ileile na mambo yangeishia hapo. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Mtu aliyeshindwa kuniomba radhi kwa sare zinazonuka alisimama mbele ya mtaa mzima akajitaja mwenyewe, tena bila kutanguliza maneno ya kujipunguzia.

Alifunga kituo mchana uleule. Mafuta yakavutwa, tangi likafukuliwa, na chini yake tukaona kutu imekula bati. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi wenye unyevu, na ulinuka mpaka kanisani. Akaja bwana maji kutoka wilayani, kijana mpole, akamwambia udongo ule lazima uondolewe ukamwagwe mbali na watu. Hajati akamwuliza swali ambalo lilimkalia kichwani tangu siku hiyo hadi mwisho wake.

"Niambie, mwanangu, ni wapi katika Rungwe hii ambako chini ya mteremko hakuna mtu?"

Bwana maji alikiri bila aibu kwamba hapajui. Alikwenda akauliza wenzake, akarudi na njia: udongo utandazwe juu ya sakafu ya zege, uchanganywe na samadi, ufunikwe mvua isiuoshe, na ugeuzwe mara kwa mara mpaka petroli iishe yenyewe. Hajati aling'oa bustani yake ya maua uani, akamwaga zege, akautandaza hapo. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri nilimwona na jembe, mtandio umefunika pua, akigeuza udongo ule. Aliweza kuajiri watu. Aliajiri watu kwa kila kitu kingine. Huo aliugeuza mwenyewe.

Muda wote huo gari lake dogo la mizigo lilituteremshia maji kutoka Kyimo, kijiji cha jirani kwenye barabara ya Mbeya, madumu yamepangwa nyuma, na hakuna aliyepata dumu pungufu. Mvua zikaja zikapita, zikaja tena, ndipo chemchemi ikarudi kuwa maji. Alikunywa yeye kwanza, kikombe kizima, huku tukimwangalia. Halafu akasema tuteke, tusisimame kama tuko kwenye sherehe.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa kuchosha kidogo, lazima niseme. Kila kitu alikiuliza kikiisha kinakwenda wapi. Vipande vya vitambaa vinavyobaki kwangu, vinakwenda wapi? Mifuko ya mbolea? Oili ya yule fundi wa gereji, ambaye sasa alimpelekea pipa la kuhifadhia na kumkagua kama mkwe? Watu walianza kujificha wakimwona anakuja na macho yale ya kuuliza. Na gari lake mwenyewe likitoa moshi mweusi kwenye kilima, aliutazama kwa kioo cha nyuma kama mtu anayefuatwa na mdai.

Sijui ni nani aliyemweleza kwanza habari za magari ya umeme. Nilichoona ni kwamba siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa juu ya lori, amekaa kiti cha mbele na dereva, na nyuma yao kuna gari dogo la rangi ya maziwa limefungwa kwa kamba, lililotumika Japani na kuchoka kidogo. Lilishushwa mbele ya umati. Akaingia, akakanyaga, likaondoka bila sauti yoyote, na mbuzi wa jirani aliyekuwa amelala barabarani akaponea chupuchupu. Wiki iliyofuata alikwenda sokoni akanunua kengele ya ng'ombe akaifunga mbele, chini ya bampa. Huo ndio ukawa mlio wa gari lile. Wafugaji wa Kyimo walisema kila likipita ng'ombe wao wananyanyua vichwa.

Mwanzoni alilichaji nyumbani kwa umeme wa kawaida. Umeme ulipokatika, alikaa. Uliporudi kwa nguvu ndogo, gari lilinyonya usiku kucha na kuamka na njaa. Lakini si hayo yaliyomuudhi. Alimwuliza fundi umeme, umeme huu unatoka wapi, na fundi akamjibu kwa uaminifu kwamba mwingine unatoka kwenye maji na mwingine kwenye gesi inayochomwa huko pwani. Hajati alirudi kwangu akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alisema basi moshi hajauacha, ameuhamisha tu, ameupeleka kwa watu wengine. Nilimwambia hata hivyo si ni nafuu? Akakubali ni nafuu. Akasema hakutoa petroli kwenye chemchemi ili apate nafuu.

Akaweka paneli za jua juu ya paa. Hilo tulilicheka, na yeye mwenyewe baadaye alilicheka kuliko sisi. Mtu yeyote wa Tukuyu angemwambia. Huku kwetu mvua ikianza inasahau kuondoka, na mawingu ya mlima Rungwe yanaweza kukalia mji mpaka mtu akasahau jua linachomozea wapi. Miezi ya jua paneli zilifanya kazi vizuri. Miezi mingine alipata umeme wa kuchemshia maji ya udhu, hivyo ndivyo alivyosema. Siku moja ya ukungu mzito nilimkuta amesimama uani ameshika mwavuli, anatazama paa, mvua inatiririka kwenye paneli na kudondokea kwenye ndoo. Akanionyesha ile ndoo.

"Mama Neema, kumbe nimekuwa nikitega kitu kisicho cha huku. Cha huku ni hiki kinachodondoka."

Hapo ndipo alipoanza kupanda Kyimo kutafuta kijito.

Alikipata kwenye shamba la mzee mmoja mfugaji ambaye kila mtu alimwita Tata, yaani baba, kwa Kinyakyusa. Kiswahili cha Tata kilikuwa kidogo na Kinyakyusa cha Hajati kilikuwa cha sokoni, lakini walielewana vizuri mno walipogombana. Kijito kilishuka kwa kasi kando ya migomba yake. Hajati alipata kibali, akajenga banio dogo juu la kukinga maji, akayapitisha kwenye bomba mpaka chini karibu na barabara kuu, na pale maji yakagonga gurudumu, gurudumu likazungusha mota, umeme ukatoka. Kisha maji yakarudi kijitoni, safi vilevile. Akajenga banda, akaweka waya za kuchajia, akanunua bajaji za umeme akawapa madereva, mkubwa wao akiwa Lusajo, kijana wa hapohapo Kyimo. Magari mengine ya umeme yalikuwa ya kuhesabika, lakini yaliyokuwa yakipita kati ya Mbeya na mpakani yalijifunza kusimama pale. Hajati alivimba kichwa. Alivaa miwani ya jua siku za mvua.

Kiangazi cha kwanza, Tata alimfuata mpaka Msasani. Nilikuwepo, maana alimkuta kwangu anapimwa gauni. Alivua kofia, akakataa kuketi, akamwambia kwamba kati ya banio na gurudumu kijito kimekufa. Maji yote yako ndani ya bomba. Ng'ombe wanashuka mtoni wanakuta mawe. Hajati akawaka. Alimwambia ana kibali, maji anayarudisha yote, hanywi hata tone, na kwamba watu wote wanafaidi. Sauti zilipanda. Tata alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Unayarudisa huko chini. Mimi ninaisi hapa katikati."

Akavaa kofia akaondoka. Hajati alibaki amesimama, utepe wangu wa kupimia bado umemzunguka kiunoni. Nilimwona tu akitazama upande ule wa barabara, kwenye uwanja ambako kituo chake cha zamani kilikuwa. Kisha akaniambia nichukue kitenge, twende.

Tulipanda Kyimo mchana ule. Alimkuta Tata zizini, akamwomba amwonyeshe, na wakatembea kijito kizima kutoka juu hadi chini, mimi nikiwafuata nyuma. Yeye na magoti yake mabovu, akishika migomba. Tope lilikuwa limepasuka. Majani ya mtoni yaliyokuwa yakichumwa na wanawake yalikuwa yamelala kama nywele za mtu aliyelala. Kwenye kidimbwi kimoja kilichobaki vyura walikuwa wamerundikana. Hajati alisimama hapo muda mrefu. Halafu akapanda tena mpaka kwenye banio, akaomba nyundo kwa Lusajo, akakaa chini kwenye tope na gauni lake la safari, akaanza kuvunja ukuta aliougharamia mwenyewe.

Alivunja pengo kwenye ukuta, chini kuliko mdomo wa bomba, ili maji yapite kijitoni kwanza na kinachozidi ndicho kiingie bombani. Lusajo alijaribu kumweleza kwamba kiangazi hakitazidi kitu, gurudumu litazunguka nusu, bajaji zitalala. Akamjibu zilale. Na kweli zililala. Miezi ile ya kiangazi alipunguza bajaji barabarani, akawapanga madereva kwa zamu, akasaidiwa na paneli zake za jua, ambazo wakati huo ndipo zilipokuwa na kazi, akazihamishia Kyimo. Dereva mmoja alichoka na zamu, akaondoka akanunua pikipiki ya petroli. Alipita mbele yetu makusudi, anapiga resi. Hajati hakumlaumu. Alisema ana watoto, na tumbo la mtoto halisubiri mvua. Lakini pengo la ukuta halikuzibwa.

Tata alitembea mpaka kule bandani maji yaliporudi, akiwa na chupa ya maziwa. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, akaiweka chini. Walikaa upande mmoja wa benchi wakiangalia bajaji zikichaji. Toka hapo walikuwa marafiki wa kugombana kila wiki.

Msidhani alikuwa mtu wa huzuni na majukumu tu. Safari moja alinichukua Kyela kupeleka sare nilizoshona. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni kuteremka mpaka masikio yanaziba, na gari la umeme likiteremka linajirudishia chaji. Hajati alikuwa na furaha ya mtoto. Alinilazimisha nitazame namba zikipanda kwenye kioo. Tulifika Kyela na chaji nyingi kuliko tuliyotegemea, naye akawa anawaeleza watu wasiomuuliza. Kwa furaha hiyo akanunua mchele mwingi kupita kiasi, na kokoa, na embe, akajaza gari mpaka viti vya nyuma. Nilimwuliza, na kupanda je? Akasema gari ni lake.

Tukirudi, tulikwama katika kijiji cha Ushirika. Gari lilipunguza, likapunguza, likasimama mbele ya kanisa. Kwaya ilikuwa mazoezini. Hajati alishuka, akajitengeneza mtandio, akaingia kuomba soketi. Mwalimu wa kwaya alidhani anataka kuchaji simu, akamwonyesha ukutani karibu na madhabahu. Alipoona waya mrefu unaingia kutoka nje kama nyoka alicheka mpaka akakaa. Tulingoja hadi jua likaanza kuegemea. Hajati alikaa benchi la nyuma, akasikiliza wimbo uleule ukirudiwa, na mwisho akamwambia mwalimu kwamba sauti ya tatu inakimbia. Ilikuwa kweli inakimbia. Tukaacha mfuko wa mchele pale, na njia nzima ya kupanda akanikataza nisiwasimulie watu. Kabla sijamaliza kushusha sare zilizobaki alikuwa ameshamsimulia jirani wa kwanza.

Alichokuwa hana ni majivuno ya usafi. Watu wa mjini walipokuja kuangalia banda la Kyimo na kulisifia gari lake kwamba ni gari safi, aliwakatiza. Gari safi halipo, aliwaambia. Matairi yanaisha yanaacha unga wake barabarani. Betri ina madini yaliyochimbwa mahali. Siku moja betri ya gari lake ilipochoka kabisa, likawa halifiki hata Kyimo na kurudi, akaja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mbeya, mtu mchangamfu, akataka kuinunua yote. Hajati akamwuliza ataifanyia nini. Akasema atapasua, atoe kopa, yaani shaba, mengine atayatupa. Alimfukuza kwa ukali mpaka hata mimi nikamwonea huruma yule mtu. Baadaye, alipopoa, alikuja kukaa kwenye kigoda changu.

"Huko walikochimba vitu vilivyo ndani ya ile betri," aliniambia, "kuna mwanamke mwenzangu ana ndoo mkononi. Simjui, lakini yupo. Siwezi kumrudishia kijito chake. Basi angalau nisimharibie na mwingine wa huku."

Alileta fundi, wakaweka betri nyingine garini, ile ya zamani wakaifungua kwa tahadhari, wakachagua vipande vilivyokuwa bado na nguvu wakavipanga bandani viwe akiba ya umeme wa mchana. Vilivyokufa kabisa alivifungia kwenye chumba chenye sakafu ya zege na paa zuri. Nilimwuliza, na hivyo vinakwenda wapi? Nilimwuliza kwa utani, kumrudishia swali lake. Hakucheka. Alisema hajui, kwamba bado anauliza, na mpaka apate jibu vitakaa kwake. Vipo mpaka leo. Lusajo ana ufunguo.

Nimemsifu sana, najua. Niseme basi kwamba alikuwa akipiga kelele kwa madereva mbele ya abiria. Alimpendelea Lusajo wazi. Aliwahi kukaa miezi bila kunisemesha kwa sababu nilimshonea mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, na mkono wenyewe haukuwa mfupi, alikuwa ameinama wakati nampima.

Miaka yake ya mwisho macho yalimwishia. Mtoto wa jicho, daktari alisema, tena yote mawili. Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, likakubali kidogo. Kuendesha hakuweza tena. Madereva wote walijitolea kumwendesha, akawakataa, akisema wana haraka. Asubuhi moja alivuka barabara akipapasa kwa fimbo, akaniambia nifunge cherehani, niende nikajifunze gari. Nilimkumbusha kwamba nina wajukuu. Akasema wajukuu hawazuii mguu kukanyaga.

Alinifundishia kwenye uwanja wa shule siku za Jumamosi, yeye akiwa haoni vizuri na mimi nikiwa sijui lolote, na nadhani hakuna mtu mwenye akili zake aliyekuwa karibu na uwanja ule. Alinifundisha kwa sikio. Alisikia matairi, akajua nimekata kona vibaya. Nikapata leseni, jambo ambalo watoto wangu bado hawaliamini.

Safari yangu ya kwanza barabara kuu ilikuwa kumpeleka Kyimo, gari likachajiwe. Ilikuwa asubuhi nyeupe, mvua ya usiku imekata, chai mashambani inang'aa. Alianza kunielekeza tangu tunatoka Msasani: punguza, lori hilo, mwache apite, usiibane breki. Tulipopita njia panda maneno yakapungua. Kisha yakaisha. Nilisubiri anikemee kwa shimo nililoliingia, hakunikemea. Nikamtazama. Kichwa kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo umefunguka kidogo, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa amelala.

Sikuwahi kumwona Hajati amelala. Msibani, hospitalini, safarini, sikuwahi. Banda likatokea mbele yetu, Lusajo amesimama mlangoni, waya tayari mkononi. Nilitakiwa kukata kulia. Nikashindwa, maana kusimama kungemwamsha. Nikampungia Lusajo mkono, nikapita, na kwenye kioo nikamwona amebaki ametoa macho na waya wake.

Tulikuwa karibu kuingia Kiwira aliposhtuka. Aligeuza uso huku na huku, akitafuta kwa lile jicho moja.

"Tuko wapi?"

Nikamwambia.

"Na banda?"

"Tumelipita, Hajati. Ulikuwa umelala."

Nikajiandaa kwa makelele. Alishusha kioo kidogo, upepo wa baridi ukaingia na harufu ya udongo uliolowa, akauvuta taratibu.

"Unamaliza chaji," alisema. "Haya. Nenda mpaka darajani, ugeuze polepole."

Akavuta mtandio, akaegemeza kichwa pale pale, na safari hii alifumba macho kwa kupenda kwake.